Mlango wa Kushoto

Usiku wa kwanza mama alilala vizuri. Safari ya basi kutoka Tanga ilikuwa imemchosha, hakuamka mpaka alfajiri. Ilikuwa usiku wa pili, mwezi Machi mwaka 2015, yapata saa tisa, niliposikia ndoo ikianguka. Nilimkuta ndani ya stoo, gizani, kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu ya wanangu, akipapasa ukuta kwa viganja viwili, polepole, kama fundi anayetafuta kosa katika kitambaa.

"Mama, unatafuta nini huku?"

"Mlango wa uani. Mmeuziba?"

"Hapa si Tanga, mama. Hapa Tabata."

"Najua kama si Tanga," akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Sikukuuliza hapa wapi, baba. Nimekuuliza mlango uko wapi."

Nilimshika mkono nikampeleka msalani, nikamrudisha kitandani. Kisha nikamwambia mke wangu kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Nililitamka neno hilo kwa wepesi ambao leo unanitia haya, kwa maana mama alikuwa amejibu swali langu sawasawa, na mimi sikuwa nimelijibu lake.

Msomaji asiyeijua Ngamiani yafaa nimweleze. Ni sehemu ya mji wa Tanga ambayo barabara zake zimenyooka na kukatana, na badala ya majina nyingi zimepewa namba: ya saba, ya nane, ya tisa. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za huko. Mbele baraza, likitazama mtaa upande wa kaskazini. Kisha mlango mkuu, na ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba vikiwa huku na huku. Chumba cha mama kilikuwa cha kwanza kushoto unapoingia. Dirisha lake lilitazama mtaani. Akisimama mbele ya dirisha hilo, mlango wa chumba ulikuwa kushoto kwake. Akitoka mlangoni, hugeuka tena kushoto, na ukumbi unampeleka uani kwenye jiko na choo. Aliingia nyumba ile akiwa bi harusi mwaka 1956. Ukihesabu safari moja tu kwa kila usiku, basi katika miaka 59 alipita njia hiyo zaidi ya mara 21,000, mara nyingi bila taa.

Baba alifariki mwaka 1974, nasi watoto tukatawanyika. Ukuta wa nyuma ulipoanguka kwa mvua, tulikubaliana ndugu wote kuiuza nyumba, na mama aje akae kwangu. Alitia dole gumba bila kusema neno. Mimi ndiye niliyemwambia, nikidhani ninamfariji, kwamba nyumba ni udongo tu.

Nilifundisha biolojia miaka 34. Wanafunzi wangu walichora mdudu, ua na moyo wa ng'ombe. Ubongo tuliupitia haraka, kwa sababu mtihani haukuuliza mengi juu yake. Mmoja wa wanafunzi hao sasa ni daktari, na ndiye aliyempima mama mwaka uliofuata, alipoanza kusahau majina ya wajukuu. Akaniambia ni ugonjwa wa Alzheimer, tena akaniambia kwa upole, akiniita "mwalimu" kila baada ya maneno mawili. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Kusahau majina nakuelewa. Lakini mbona mwanzo wa yote ulikuwa mlango?

Hakunijibu siku ile. Wiki iliyofuata aliniletea bahasha ya makala alizozichapisha, akasema, "Mwalimu, sasa ni zamu yako kusoma."

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande, kuna kipande cha ubongo kilichojikunja kama kidole. Mtaalamu wa Kiitalia aitwaye Aranzi, katika karne ya 16, alikiona kinafanana na farasi wa baharini, akakiita kwa jina la samaki huyo kwa lugha za kale za Ulaya: hipokampasi. Ugonjwa wa mama huanza kuharibu sehemu iliyo jirani nayo kabisa, kisha huiingia yenyewe. Yalikuwapo zamani mabishano marefu juu ya kazi ya kipande hicho. Aliyeyageuza ni John O'Keefe, aliyezaliwa New York mwaka 1939, mwaka ambao wazee wetu wanakadiria kuwa ndio aliozaliwa mama. Kwa sababu hiyo ya kitoto nilimpenda tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1971, katika chuo cha University College London, O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky waliandika habari za panya. Walipitisha nyaya nyembamba kuliko unywele mpaka ndani ya hipokampasi ya panya, wakamwacha atembee apendavyo huku wakisikiliza. Seli ya neva ikifanya kazi hutoa umeme mdogo sana. Ukiukuza na kuupeleka kwenye spika, husikika kama bisi zinazopasuka. Basi seli moja ingekaa kimya panya akizunguka huku na huko, na akifika pembe fulani ianze kupasuka, akiondoka, kimya. Seli nyingine ilikuwa na pembe yake nyingine. Mtu angedhani labda ni harufu ya pale, au kitu kinachoonekana pale. Lakini majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa ukiondoa baadhi ya alama, au hata ukizima taa, seli huweza kuendelea kupasuka pale pale. O'Keefe aliziita seli za mahali. Mwaka 1978 yeye na Lynn Nadel walitoa kitabu kizima kudai kwamba hipokampasi ni ramani. Haukukosekana ubishi, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2014, miaka 43 baada ya wale panya wa kwanza.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini, nikawaza: ile safari ya kwenda uani, mama hakuwa akiiona. Alikuwa akiipasua, seli baada ya seli, gizani.

Lakini seli hupataje mahali pake? Haizaliwi nayo, hilo ni la kwanza. Wala seli hazikupangwa kichwani kama nyumba za mtaani; mbili zinazogusana, moja yaweza kuwa ya mlangoni na nyingine ya mbali kabisa. Mwingize panya chumba kigeni, na katika dakika chache za kutembeatembea seli zake zitakuwa zimegawana chumba kile. Mrudishe chumba cha kwanza, watarudi wenyeji wa zamani, kila mmoja penye kituo chake. Seli iliyokuwa ya mlangoni katika chumba hiki yaweza kuwa ya katikati katika chumba kingine, au isiseme neno kabisa. Huko Janelia, Marekani, Katie Bittner na Jeffrey Magee walionyesha mwaka 2017 kwamba wakati mwingine hata kupita mara moja kunatosha: seli inapata mshtuko mmoja mkubwa mnyama akiwa mahali fulani, na akipita tena mzunguko unaofuata, seli ile tayari ni ya pale. Niliamini mara moja. Nilipewa habari ya kifo cha baba chini ya mkungu wa shule, na mpaka leo naweza kukuonyesha zilipokuwa mizizi yake, ingawa mti umekatwa.

Kilichonigusa zaidi ni kuta. Mwaka 1996 O'Keefe na Neil Burgess walimweka panya ndani ya boksi la mraba, kisha wakazisogeza kuta mpaka boksi likawa refu. Eneo la baadhi ya seli likavutika kama mpira kufuata ukuta uliosogea. La nyingine likagawanyika mara mbili, moja karibu na ukuta huu, moja karibu na ule. Ni kusema seli ilikuwa ikipima: hatua kadhaa kutoka ukuta wa huku, hatua kadhaa kutoka wa kule. Niliusoma ukurasa huo mara tatu, nikamwona mama na viganja vyake stoo.

Kabla ya kuta, ni upande. Zipo seli nyingine, jirani na hizi, ambazo hazijali uko wapi. Zinajali kichwa chako kimeelekea wapi, kila seli na upande wake, kama dira. Mwaka 2010 watafiti wa London na wale wa Trondheim, Norwei, waliwasikiliza watoto wa panya wa wiki mbili na siku chache, waliokuwa wakitoka kiotoni kwa mara ya kwanza. Seli za upande zilikuwa tayari kazini kama za mkubwa. Seli za mahali zilikuwapo, lakini bado zikijifunza. Za mwisho kukomaa zilikuwa zile walizozigundua May-Britt na Edvard Moser huko huko Trondheim, wakazitangaza mwaka 2005, na ambazo ziliwapa nusu ya Nobel ile: seli za gridi. Seli moja ya namna hiyo haina kituo kimoja, ina vituo vingi vilivyotapakaa sakafu nzima kwa nafasi sawa. Nilidhani nimepata Ngamiani ndani ya kichwa cha panya, kumbe sivyo. Vituo vyake havipangwi kwa mraba kama barabara zetu, vinapangwa kwa pembetatu, mfano wa sega la nyuki. Na sehemu zinamokaa seli hizo ndiyo ile ile inayoanza kuliwa na ugonjwa wa mama.

Jambo la upande ndilo lililonifanya niamke kitini. Robert Muller na John Kubie, huko Brooklyn, walikuwa na kiwanja kidogo cha duara chenye kuta za kijivu, mfano wa pipa lililokatwa, na alama moja tu: karatasi nyeupe ukutani. Katika kazi waliyoitoa mwaka 1987, waliihamisha karatasi ile robo ya duara panya akiwa nje. Aliporudishwa, vituo vya seli zake vilikuwa vimezunguka robo ya duara pamoja na karatasi. Kaskazini ya panya haikuwa kaskazini ya dunia. Ilikuwa ni karatasi.

Sasa, tangu mama aje Tabata, alikuwa na kosa moja lililotusumbua na ambalo sikupenda kulisema mbele za watu. Huku pwani mtu anayeelekea kibla anaelekea karibu kaskazini kabisa. Mama alikuwa akitandika mswala kuelekea mashariki. Namgeuza; sala inayofuata ameurudisha. Mwanamke aliyenifundisha mimi kuswali! Nilikuwa nimeanza kumsemea kwa sauti kubwa, kama anavyosemewa kiziwi. Siku ile nilikwenda nikasimama mlangoni kwa chumba chake, makala ingali mkononi. Dirisha la chumba tulichompa lilitazama mashariki. Mama hakuwa amekosea hata mara moja. Alikuwa akiswali kuelekea dirishani, kama alivyoswali miaka 59.

Panya si mama yangu, na yule daktari alinionya hivyo. Lakini hata kwa binadamu seli hizi zimesikika: mwaka 2003 Arne Ekstrom na wenzake, Marekani, walitoa habari za wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa nyaya kichwani kwa ajili ya matibabu, wakapewa mchezo wa kompyuta wa kuendesha teksi katika mji wa kubuni. Seli zao za hipokampasi zilipasuka kwa mahali, kama za panya. Kwa hiyo sikuona ubaya wa kujaribu. Nilikuwa na chumba cha kusomea ambacho dirisha lake linatazama kaskazini, na mlango, ukisimama dirishani, uko kushoto. Nilitoa vitabu vyangu vyote. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili, na nakiri nilinung'unika, maana niliijenga nyumba ile kwa ajili ya chumba kile. Kitanda tulikiweka kama kilivyokuwa Tanga, sanduku lake miguuni.

Magharibi ile alitandika mswala kuelekea kaskazini, wala hakuna aliyemwambia. Mke wangu alitoka nje akalia kidogo.

Nisije nikaonekana nimetibu kitu. Majina aliendelea kuyasahau, na choo changu kiliendelea kuwa upande wa kulia wa mlango wake, hilo sikuwa na uwezo nalo. Usiku aligeuka kushoto, tukamrudisha. Tuliweka taa, tukaacha mlango wazi. Hapa nilifarijika kwa habari za Henry Molaison wa Connecticut, ambaye mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kumwondolea kifafa, na tangu hapo hakuweza kushika jambo jipya. Aliishi mpaka mwaka 2008, na kila alipokutana na madaktari wake ilikuwa kama mara ya kwanza. Hata hivyo, nyumba aliyohamia miaka baada ya upasuaji aliweza kuichora, chumba kwa chumba. Aliipata kwa kuitembea kila siku, mwaka baada ya mwaka, kwa njia nyingine ya ubongo iliyo ya taratibu sana.

Kwa mama ilichukua miezi saba. Na ilikuja kwa namna ya ajabu: ukimuuliza choo kiko wapi, alinyoosha mkono kushoto, bila wasiwasi, kisha akainuka na kwenda kulia. Mguu ulikuwa umehama, mkono ulikuwa bado Tanga.

Katika bahasha ile nilikuwa nimeiacha makala moja ya mwisho, ya kurasa chache, ya mwaka 1999, ya Edmond Teng na Larry Squire. Inamhusu mzee mmoja wa California ajulikanaye kwa herufi E.P., ambaye ugonjwa uliiharibu hipokampasi yake karibu yote pande mbili. Mtaa aliokuwa akiishi wakati ule hakuujua kabisa. Alihamia baada ya ugonjwa. Lakini mji aliokulia, alioondoka zaidi ya miaka 50 nyuma, aliujua vizuri kama watu wengine waliokulia pale. Wakimuuliza atatokaje hapa kwenda pale, alieleza. Wakimwambia barabara fulani imefungwa, alitafuta nyingine. Ramani ya zamani haikuwa tena mikononi mwa hipokampasi. Ilikuwa imehifadhiwa kwingine, ambako ugonjwa haukufika.

Nilipoisoma nilitambua kwamba mama alikuwa na mahali pamoja duniani ambapo bado hakuwa mgonjwa, na kwamba mimi ndiye niliyepauza.

Mwaka 2018 nilimpeleka. Wakati huo alikuwa akiniita kwa jina la kaka yake. Bajaji ilituteremsha mtaa wa tatu kutoka kwetu, kwa kuwa barabara ilikuwa ikichimbwa, nami nikaanza kueleza njia. Hakunisubiri. Alitangulia, na khanga yake begani, akakata kona ya kwanza, akaukwepa mfereji ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau, akapita uchochoro wa nyuma ya msikiti. Nilimfuata kwa haraka kama mtoto. Alisimama mbele ya mlango wetu, hakuangalia kulia wala kushoto.

Mwenye nyumba mpya ni kijana muungwana. Alitukaribisha kwa heshima zote. Hakuna kosa alilofanya. Nyumba ni yake, na alikuwa amebomoa ukumbi na chumba cha kwanza kushoto akapata sebule moja kubwa, nzuri, yenye vigae vyeupe. Mama aliingia hatua moja. Akageuka kushoto, penye mlango wake, na pale palikuwa na kochi.

"Hodi," akasema.

"Karibu mama, umekwisha ingia."

Akatazama dari, akatazama vigae. "Hodi," akasema tena, kwa sauti ya mgeni.

Hakuna aliyejua la kujibu. Baada ya kitambo aligeuka, akatoka nje, akakaa barazani. Baraza halikuguswa, lilikuwa na saruji ile ile, na lile bonde dogo la upande wa kushoto lililochimbwa na ukaaji wa watu. Alijiweka humo. Kijana mmoja akapita na baiskeli, akamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba," akajibu. "Hujambo? Wa kwa nani wewe?" Na kijana akasimama kumweleza.

Tulikaa hapo mpaka alasiri. Ilipoadhiniwa, mwenye nyumba alileta maji na mswala, akawa ameushika anataka kumwonyesha pa kuelekea. Mama aliupokea mkononi mwake, akautandika mwenyewe, kuelekea mtaani.